Waendao kwa Miguu: Sehemu ya Kumi na Nne

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Mama Hesabu pale tulipoachana Jumamosi iliyopita. Ncha ilikwisha kugusa karatasi, na Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, akipumua kama mtu anayesubiri chai ipoe. Barua zimemiminika wiki nzima. Mmoja wenu ameandika kwamba mama huyu akitia sahihi, yeye gazeti hili basi tena. Tulia, ndugu yangu. Vuta kiti.

Hakutia sahihi.

Pale penye mstari wa sahihi aliandika neno moja tu: Sikubali. Akaweka tarehe. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa takwimu na hapendi jambo libaki likining'inia, akaandika na saa. Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumatano.

Kwa mgeni aliyetufikia leo, mambo ni haya. Mkoa una mji mkubwa na miji midogo sita inayouzunguka, na watu wanaongezeka kama uji wenye moto mkali chini yake. Serikali ya mkoa imetunga Mpango wa Usafiri wa Miaka Thelathini. Ni kitabu cha kurasa mia nne na kumi na mbili, kinachosema barabara zitapita wapi, reli itaanza lini, na vituo vitajengwa kwa nani, mpaka hawa wanaonyonya leo wawe na watoto wao.

Mama Hesabu ni Mkuu wa Takwimu. Jina hilo si la kuzaliwa, ni la ofisini, na limemkaa. Alituma watu katika kaya elfu kumi na mbili kuuliza kila mtu jana alikwenda wapi, kwa njia gani, kwa muda gani. Jibu likatoka. Katika kila safari mia, arobaini na sita ni za miguu. Thelathini na tano ni za basi. Za magari madogo ni kumi na tatu, na sita zilizobaki ni za baiskeli na vyombo vingine.

Mkurugenzi, ambaye wafanyakazi wanamwita Kalamu Nyekundu wakiwa mbali naye, akaufuta mstari wa miguu wote. Kilichobaki akakigeuza kuwa mia mpya. Ghafla magari madogo yakawa ishirini na manne katika mia, na nani angekataa kuyajengea barabara?

Kwa hiyo mpango unaleta Barabara ya Mzunguko, njia nane, kilomita kumi na moja bila hata kivuko kimoja. Upande mmoja mitaa ya mashariki na watu wake laki tatu. Upande wa pili hospitali, soko na shule. Reli ya wafanyakazi imesukumwa mpaka mwaka wa ishirini na nane wa mpango huo. Wakati huo mwenye mpango atakuwa amestaafu na sisi wengine tumezikwa.

Lakini sheria ina jino moja. Bila sahihi ya Mkuu wa Takwimu, mpango hauendi barazani.

Ndiyo maana Mkurugenzi aliisoma ile karatasi mara mbili, kana kwamba neno moja lingeweza kubadilika akilirudia.

Hakufoka. Alikwenda dirishani, akasema kwa upole kwamba yeye ni mtu wa kusamehe, kwamba kalamu huteleza, kwamba karatasi nyingine ipo. Mama Hesabu akamjibu kwamba kalamu yake haijawahi kuteleza tangu darasa la pili.

Hapo upole ukaisha.

"Unakumbuka aliyekuleta hapa ni nani," Mkurugenzi alisema.

Alikumbuka, na hakuwa na haja ya kugeuka. Aliyemleta alikuwa amekaa kwenye kochi hapo hapo ofisini, akikagua viatu vyake kama vya kuazima. Huyo ni Naibu Mkurugenzi, kaka mkubwa wa mumewe. Kwake ni Shemeji, na sisi tutamwita hivyo hivyo.

Saa sita mchana Mama Hesabu alipewa barua ya likizo ya lazima. Saa sita na robo Shemeji akateuliwa kukaimu nafasi yake. Saa sita na nusu cheti cha takwimu kilikuwa kimetiwa sahihi.

Ya nani? Ya Shemeji.

Unaona mambo. Mkono uliomvuta ndani ndio huo huo uliomsukuma nje.

Alikusanya vyake. Rula, kikombe, kikokotoo chenye kitufe cha saba kilichofutika kwa kubonyezwa. Wenzake walikuwa na kazi nyingi mno za kutazama mezani. Hakuwalaumu. Mtu ana watoto, mtu ana kodi, na ujasiri wa kuazima haukai.

Lakini hakwenda nyumbani. Alizunguka nyuma ya jengo, akashuka ngazi za ghala.

Hapo ndipo palipokuwa na zile fomu zenyewe, karatasi kwa karatasi, zikiwa na majibu ya watu. Masanduku arobaini na nane, kila moja fomu mia mbili na hamsini. Aliwaza hivi: mstari wa jedwali unaweza kufutwa, lakini fomu elfu kumi na mbili hazifutiki. Ijumaa kuna kikao cha wananchi kutoa maoni mbele ya Baraza. Angelibeba sanduku moja tu likafunguliwe pale, mchezo ungekwisha.

Mtunza ghala alikuwa bibi mwenye sauti ndogo na funguo nyingi. Alipomwona, aliweka miwani yake chini akatikisa kichwa kabla hajaulizwa.

Rafu zilikuwa tupu. Palibaki alama za mraba kwenye vumbi, arobaini na nane.

Mtunza ghala akamfungulia kitabu cha kutolea vitu. Masanduku yote yamechukuliwa na Shemeji, kwa amri ya Mkurugenzi. Yapo ofisini kwa mkubwa kwa muda, na Ijumaa mchana, baada ya kikao, yatakwenda kiwandani kusagwa.

Mama Hesabu akatazama saa ya kutolewa. Saa mbili kamili asubuhi ya siku hiyo.

Saa mbili. Yeye aliitwa kutia sahihi saa nne.

Kumbe walishamzika kabla hajaugua. Sahihi yake ilikuwa adabu tu, kama kumkaribisha chakula mtu unayejua ameshiba. Alikaa kwenye ngazi ya ghala, kikombe mapajani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo machozi yakamkaribia. Mtunza ghala hakumpa pole. Alimwambia kwa ile sauti yake ndogo kwamba yeye huamka saa kumi alfajiri atembee saa moja na nusu kuja kazini, na kwamba alipoulizwa na watu wa fomu alifurahi mpaka akawapa maji, maana hajawahi kuulizwa.

"Kama wamenifuta," alisema, "waniambie nikae nyumbani kesho."

Machozi yakarudi yalikotoka. Mama Hesabu akasimama akajipangusa vumbi.

Alimweleza mumewe jioni ile mlangoni, kabla hata hajavua buti. Mumewe ni fundi wa taa za kuongozea magari, na mtaani wanamwita Fundi Taa. Ni mtu mkimya. Jamaa zake husema tangu arusi ametoa maneno matatu, mawili ni "ndiyo". Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akaweka mkoba wa vifaa chini, akamshika bega. Akasema Ijumaa ana zamu ya alfajiri kwenye makutano ya benki, lakini akimaliza atakuja asimame nyuma ya ukumbi. Kuhusu kaka yake hakusema kitu. Alisema tu kwamba jambo hilo lina mwenyewe.

Mwenyewe ni mama yao.

Mama mkwe anaishi peke yake mitaa ya mashariki, chumba cha mbele akikitumia kushonea sare za shule. Alhamisi mchana Mama Hesabu alimkuta kwenye cherehani, amezungukwa na kaptula za bluu zisizo na vifungo. Alimsimulia yote. Bibi yule hakusimamisha mguu mpaka mshono ulipoisha. Kisha akakata uzi kwa meno, akachukua simu, akampigia mwanawe mkubwa maneno mawili.

"Njoo. Mimi."

Shemeji alifika saa kumi na moja kasoro, suti na jasho. Alipomwona Mama Hesabu kwenye kiti cha wateja alitaka kugeuza. Mama yake akamwonyesha kigoda. Mtu mzima mwenye gari la serikali nje akakaa kwenye kigoda, magoti usawa wa kidevu.

"Darasa la kwanza ulikuwa unakwendaje shule?" mama yake akauliza.

"Mama, hayo ni ya zamani."

"Nimekuuliza ujibu."

"Kwa miguu."

"Na barabara nani alikuwa anakuvusha?"

Shemeji akatazama kaptula. "Wewe."

"Haya. Katika hicho kitabu chenu, mimi niko ukurasa wa ngapi?"

Shemeji akaokota kaptula moja, akaigeuza, akairudisha.

Alipofungua mdomo, alijitetea kama mtu aliyekwisha kujitetea mara nyingi kwenye kioo. Ana miaka hamsini na minne. Amekuwa naibu miaka tisa, akimeza kila kitu. Mkurugenzi anastaafu mwakani na kiti hicho ni chake akikaa kimya miezi michache. Akisema leo, miaka tisa imekwenda na maji. Tena mpango ni wa miaka thelathini, utarekebishwa, mambo ya miguu yataingizwa mbele ya safari. Kisha akamgeukia shemeji yake, na sauti ikapanda.

"Mimi ndiye niliyekuingiza pale, shemeji. Sikukuingiza uje unifukue."

"Uliniingiza nihesabu," Mama Hesabu akasema. "Nimehesabu."

Akamwomba sanduku moja. Moja tu kati ya arobaini na nane. Shemeji akasimama, akasema haiwezekani, funguo anazo Mkurugenzi mwenyewe. Akambusu mama yake mkono kwa haraka, akatoka. Gari liliwaka na kuondoka kwa kishindo kikubwa kuliko ilivyohitajika.

Mama mkwe alirudisha mguu kwenye cherehani. Hakuonekana mtu aliyeshindwa.

"Kesho niwekee kiti cha mbele," alimwambia mkwewe. "Akitaka kumtazama bosi wake, atanipitia mimi kwanza."

Ijumaa saa tatu asubuhi ukumbi wa chuo cha ualimu ulikuwa umejaa. Kama watu mia sita, kwa jicho la Mama Hesabu, na jicho lake halikosei sana. Jukwaani alikaa Mwenyekiti wa Baraza la Mkoa, jaji mstaafu, mwanamke wa miwani minene na kengele ndogo ya shaba. Kulia kwake Mkurugenzi. Pembeni zaidi Shemeji, amekaa kama aliyekalia kuti kavu.

Mkurugenzi alionyesha picha. Barabara za juu zikipishana kama nyuzi za sweta, magari meupe, miti iliyopandwa kwa rula. Hakuna mtu hata mmoja aliyeonekana akitembea katika mji ule, msomaji. Labda wote walikuwa wameshafika.

Wananchi wakaanza kusema, kila mmoja dakika tatu, kengele ikilia. Ilipofika namba ishirini na tatu, Mama Hesabu akasimama.

Mkurugenzi alikuwa wima kabla yake. Alieleza kwa heshima zote kwamba huyu ni mtumishi aliye likizo ya kinidhamu, ana hasira za kazi, na kanuni za utumishi hazimruhusu kusema hadharani.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Barabara anazitumia?" aliuliza.

Mkurugenzi akasema bila shaka anazitumia.

"Basi ana dakika tatu."

Watu walicheka, na kicheko hicho kilimpa Mama Hesabu pumzi. Hakuwa na karatasi. Alisema kwa kichwa. Arobaini na sita, thelathini na tano, kumi na tatu, sita. Alieleza jinsi mstari mmoja ulivyofutwa, na jinsi kumi na tatu zilivyokuwa ishirini na nne bila gari hata moja kuongezeka. Alieleza kilomita kumi na moja zisizo na kivuko. Dakika moja ilikuwa imekwenda.

Mkurugenzi akakatiza. Alisema inasikitisha, lakini swali la miguu halikuwemo katika fomu. Halikuulizwa kamwe. Mama huyu amelitunga, na kama anabisha, alete fomu.

Alitabasamu alipotamka hayo, maana alijua fomu ziko wapi.

Mama Hesabu akaugeukia ukumbi. Akaomba kila ambaye kaya yake ilitembelewa na watu wa fomu anyanyue mkono.

Ukumbi wa watu mia sita. Ikapanda mikono kumi na mmoja.

Mnong'ono ukapita. Mtu akacheka nyuma. Mkurugenzi akafungua viganja vyake kama anayesema mmeona wenyewe. Kumi na moja. Timu ya mpira, bila hata mchezaji wa akiba.

Ungekuwa wewe ungekaa. Mama Hesabu alisubiri kelele ziishe.

"Mkoa huu una kaya laki sita," alisema. "Tulitembelea elfu kumi na mbili, yaani mbili katika kila mia. Humu ndani tuko mia sita. Mbili katika kila mia ni ngapi?"

Mwalimu mmoja akajibu kutoka katikati kwamba ni kumi na mbili.

"Tumepata kumi na moja. Hiyo ndiyo takwimu, ndugu zangu. Mkiona sinia limejaa wali, hamhitaji kuula wote kujua kama umeiva."

Kicheko kikageuka upande. Akawaomba wale kumi na mmoja waseme, mmoja mmoja, kama waliulizwa kuhusu miguu. Fundi seremala akasema aliulizwa, akajibu dakika hamsini kwenda na hamsini kurudi. Muuguzi akasema aliulizwa. Mzee wa fimbo akasema aliulizwa mpaka akaona wanamdhihaki, maana ni dhahiri. Mmoja mwenye gari akasema yeye pia aliulizwa, na alijibu hatembei, lakini swali alilisikia vizuri. Kumi na mmoja wote.

Kengele haikulia. Mwenyekiti alikuwa ameifunika kwa kiganja.

Akainua cheti cha takwimu, akakisogeza karibu na miwani, akamwita Naibu Mkurugenzi. Aliuliza kama sahihi hii ni yake.

Shemeji alisimama. Alimtazama Mkurugenzi, lakini njia ilipita kiti cha mbele, na kwenye kiti cha mbele kulikuwa na bibi aliyekaa wima na mkoba mapajani. Hakumkunjia uso. Hakumtikisia kichwa. Alimtazama tu, kama mama anavyomtazama mtoto aliyesimama upande wa pili wa barabara, anayengoja kuambiwa sasa vuka.

Alifungua kifungo cha koti. Akakifunga.

"Sahihi ni yangu," alisema. "Kazi si yangu. Ni ya shemeji yangu, na mstari wa miguu ulikuwemo. Niliuona. Fomu zote ziko ofisini kwa Mkurugenzi, masanduku arobaini na nane, na leo mchana zinakwenda kusagwa."

Akamgeukia Mwenyekiti.

"Sahihi yangu naiondoa."

Miaka tisa ikaenda na maji, mbele ya watu mia sita, na mtu mwenyewe akakaa chini akionekana mwepesi kuliko alivyosimama. Ukumbi ulivuma. Mwenyekiti alitangaza kwamba mpango huu hausogei hatua mpaka masanduku yaletwe hapa na kufunguliwa. Akatuma makarani wawili na askari mmoja wakayafuate. Akatoa mapumziko ya dakika kumi.

Mama Hesabu aliegemea ukuta. Alitaka kucheka, na alitaka maji. Alimwona mumewe akiingia mlango wa nyuma, bado na fulana ya kazi yenye mistari ya kung'aa, akimtafuta kwa macho.

Mkurugenzi ndiye aliyefika kwanza.

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuja kama anayetaka kumpongeza, akasimama ubavuni pake, mgongo kwa watu. Kutoka mfuko wa ndani wa koti alitoa fomu moja, imekunjwa mara nne.

"Nilikuwa na fomu elfu kumi na mbili ofisini na siku mbili za kusoma," alisema. "Ukurasa wa tatu, Mama. Soma kabla hujashangilia."

Mwandiko aliujua kabla ya jina. Herufi zile za kusimama, kama zilizopangwa na mtu wa nyaya. Kaya yao nayo ilikuwa imeangukiwa na bahati ya kutembelewa, hilo alilijua. Lakini kwa kanuni aliyoiweka yeye mwenyewe hakuigusa fomu ya nyumbani kwake hata kwa kidole. Baada ya kuulizwa, kila anayejua kuandika alijijazia mwenyewe safari zake za siku moja, na mumewe, mtu mkweli wa maneno matatu, alizijaza zote.

Jumanne. Nyumbani kwenda kazini. Kazini kwenda sokoni. Sokoni kwenda Mtaa wa Kiwandani, nyumba namba kumi na saba, kwa miguu, dakika arobaini.

Sababu ya safari: kurudi nyumbani.

Halafu saa tatu baadaye, Mtaa wa Kiwandani kwenda kwake, kwa mkewe. Sababu ya safari: kurudi nyumbani.

Siku moja, mtu mmoja, nyumbani mara mbili.

Mama Hesabu aliisoma tena, kama Mkurugenzi alivyoisoma ile karatasi ya Jumatano, na maneno hayakubadilika. Mtaa wa Kiwandani hawakuwa na ndugu. Hawakuwa na rafiki. Hakuwahi kukanyaga huko.

Mkurugenzi alimweleza masharti taratibu. Aseme mbele ya Mwenyekiti kwamba alichanganya majedwali, kwamba shinikizo la kazi limemlemea. Fomu hii itasagwa, na nyumba yake itabaki nyumba. Akikataa, itasomwa hapa, kwa faida ya umma, kuonyesha wananchi takwimu zake zimejaa watu wa namna gani.

Kengele ya shaba ikalia. Dakika kumi zimekwisha.

Alipanda jukwaani bila kujua miguu imempeleka vipi. Akaishika maikrofoni. Mbele yake mama mkwe. Nyuma kabisa mumewe, amesimama kama alivyoahidi. Katikati watu mia sita walioamka asubuhi wakavuka barabara kuja kusikilizwa.

Akafikiria kusema alichanganya majedwali. Ilikuwa sentensi fupi. Ingemaliza yote.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "Mkurugenzi ana fomu moja mfukoni. Ni ya nyumbani kwangu. Majibu ya watu ni siri, tuliwaapia hivyo, na yeye ameifungua anitishe nayo. Ametaka nikane, la sivyo aisome."

Watu wakageuza vichwa kumtafuta Mkurugenzi.

Akamnyooshea Mkurugenzi maikrofoni.

"Soma. Mwenye kaya nimekuruhusu. Yangu mimi nitakwenda kulia nayo nyumbani. Lakini hesabu za hawa hukuzitoa wewe, na hutazifuta wewe."

Mkurugenzi hakunyoosha mkono. Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, hakujua mikono yake aiweke wapi.

Nyuma ya ukumbi kukawa na mwendo. Fundi Taa alikuwa anakuja, katikati ya viti, bila haraka, mistari ya fulana yake iking'aa kila alipopita penye dirisha. Alipanda ngazi. Akaichukua ile fomu kutoka mkononi mwa Mkurugenzi, kirahisi, kama anayechukua kifaa chake kwa mtu aliyekiazima. Akamtazama mkewe. Akavuta maikrofoni.

"Mtaa wa Kiwandani, namba kumi na saba," alianza. "Pale ninakwenda kila Jumanne. Pale anaishi..."

"Nyamaza, mwanangu."

Sauti ilitoka kiti cha mbele. Mama mkwe alikuwa amesimama. Mkoba ulikuwa umemwanguka na vifungo vya bluu vilikuwa vinabingirika sakafuni, na hakuvitazama. Kule pembeni, Shemeji alikuwa ameinama, uso wote ndani ya viganja.

Mama Hesabu akamtazama mama mkwe, akamtazama mumewe, akamtazama Shemeji, na akahesabu haraka, kama alivyozoea. Wote watatu walikuwa wanajua.

"Hiyo si ya kusemwa na wewe," bibi alimwambia mwanawe, akianza kupanda ngazi za jukwaa, mkono mmoja ukutani. "Miaka arobaini nimeibeba. Nitaisema mimi."